Santuri au dijitali kwa bajeti ndogo: pesa zako zifike kwenye spika

Swali la santuri au dijitali huja kwa sura mbili, na jibu la mmoja halimfai mwingine. Kuna aliyerithi: babu ametangulia mbele ya haki, nyumba ya Kibokoni, Mombasa, imefunguliwa, na chini ya kitanda limetoka sanduku la santuri ambazo hazijaguswa miaka mingi. Na kuna aliyependa tu: ameona sahani ikizunguka na mkono ukishuka taratibu, akatamani kitu kama hicho sebuleni kwake Bamburi au Tudor, na mfukoni ana shilingi 30,000 alizozikusanya kwa jasho.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kama huna santuri hata moja ndani ya nyumba na bajeti yako haivuki shilingi 40,000, nunua vifaa vya dijitali. Kama unazo, hesabu inabadilika, tena sana. Katika hali zote mbili kipimo changu ni kimoja: katika kila shilingi unayoitoa, ngapi zinafika kwenye spika? Spika ndiyo inayosukuma hewa mpaka sikioni. Vyote vilivyo nyuma yake, iwe sindano ya almasi au simu ya mkononi, haviwezi kusikika vizuri kuliko spika inavyoruhusu.

Pesa zinakokwenda

Tuanze na santuri. Ili usikie wimbo mmoja unahitaji mashine yenyewe, katriji (kichwa kidogo kilicho ncha ya mkono) na sindano yake, kikuza cha fono, amplifaya, spika, kisha santuri. Kikuza cha fono ndicho wengi hawakijui mpaka wameshafika nyumbani, wameunganisha kila kitu, na kinachotoka ni sauti nyembamba kama ya mbu. Katriji ya kawaida ya sumaku hutoa millivolti 3 hadi 5 tu, na tundu la AUX la amplifaya linataka mara mia ya hapo au zaidi. Tena santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za muziki za Marekani, inayofuatwa tangu 1954, ili mifereji isipanuke kupita kiasi na mchakacho usitawale. Kikuza cha fono ndicho kinachorudisha mizani hiyo. Bila hicho besi huisikii.

Mashine mpya ya bei ya chini ambayo naweza kumshauri mtu bila wasiwasi ni Audio-Technica AT-LP60X. Kikuza cha fono kimo ndani, mkono unakwenda na kurudi wenyewe kwa kubonyeza kitufe, na sindano yake inabadilishwa. Marekani huuzwa kati ya dola 150 na 200. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hiyo ni 19,500 hadi 26,000, kabla ya usafiri na ushuru. Ukishalipa vyote hivyo, katika 30,000 zako hakibaki cha kununulia spika za maana. Na santuri bado hujanunua: LP mpya, yaani santuri kubwa ya albamu nzima, huko nje ni dola 25 hadi 40, yaani shilingi 3,250 hadi 5,200 kwa muziki wa dakika arubaini.

Mashine zilizo nafuu zaidi ni zile zinazofungwa kama sanduku la safari, zenye spika humo humo. Hizo nakuomba uziache. Nyingi hutumia katriji ya seramiki inayoikandamiza santuri kwa gramu 5 au 6, wakati katriji nzuri ya sumaku hutembea kwa gramu 1.5 hadi 3. Mtetemo wa spika unarudi kwenye sindano kwa sababu vyote viko kwenye boksi moja, na besi ya kweli haiwezi kutoka humo. Kwa aliyenunua LP mpya ya dukani, hasara ni ya fedha. Kwa aliyerithi santuri za babu, kila mzunguko unakwangua kitu ambacho hakuna kiwanda kitakachokitoa tena.

Upande wa dijitali, kifaa kikuu unacho tayari: simu. Simu nyingi za sasa hazina tundu la jeki, kwa hiyo unahitaji adapta ya USB-C. Ile ya Apple inauzwa dola 9 Marekani, na usafi wa sauti yake unatosha kabisa kwa spika yoyote utakayoimudu kwa bajeti hii. Kwenye baadhi ya simu za Android sauti yake hutoka chini, basi ijaribu na simu yako kabla ya kulipa. Ongeza memori kadi ya GB 128 na waya wa AUX, na bado hujafika shilingi 5,000. Elfu ishirini na tano zilizobaki zote ni za amplifaya na spika. Tofauti hii ndiyo inayoamua mambo kuliko mabishano yote ya ubora wa sauti ninayoyasikia.

Za mitumba, na mtego wa umeme wa Marekani

Mombasa ina neema moja: vyombo vya ex-UK, yaani vilivyokwisha kutumika Uingereza. Makontena yanashuka hapa hapa bandarini, na amplifaya za Sony, Pioneer, Kenwood, Technics na JVC za miaka ya 1980 na 1990 zinapatikana kwa mafundi wa redio kwa pesa ambazo hazinunui hata sabufa mpya ya kati. Uingereza ina umeme wa karibu volti sawa na wetu, hezi 50 kama sisi, na plagi ni ile ile ya miguu mitatu. Unachomeka, inawaka.

Cha Marekani ni habari nyingine, na hapa watu wanapoteza pesa kila siku. Amplifaya ya volti 110 unaweza kuipa transfoma ya kushusha ikafanya kazi. Mashine ya santuri je? Nyingi za zamani zina mota inayofuata hezi za umeme, yaani mara ambazo umeme unatetema kwa sekunde, na kwao ni 60. Transfoma hushusha volti, hezi haizigusi. Kwa hiyo mashine iliyotengenezwa kuzunguka mara 33⅓ kwa dakika itazunguka kama mara 27.8 hapa kwetu, wimbo utakwenda polepole na sauti za waimbaji zitazama karibu nusu-toni tatu. Muuzaji atakuambia imechoka, inataka mafuta. Haitaki mafuta. Ni ya umeme wa nchi nyingine, na tiba yake ni kubadilisha puli ya mota, kigurudumu kinachovuta mkanda, ikiwa inapatikana. Zenye mota ya DC, kama mashine nyingi mpya zinazotumia adapta, hazina tatizo hili. Soma kibandiko cha nyuma: kama kimeandikwa 120V 60Hz peke yake na waya unaingia moja kwa moja kwenye mashine, iache.

Kwenye amplifaya tafuta tundu zilizoandikwa PHONO na kando yake skrubu ndogo ya waya wa ardhi. Amplifaya nyingi za kabla ya CD kushika soko zinazo. Ukiipata hiyo umeshapata kikuza cha fono bila kulipa zaidi, na hata kama leo unatumia simu tu, siku ukipata mashine ya santuri hutanunua kingine. Ukiiunganisha na ikanguruma mfululizo, kwanza angalia kama ule waya wa ardhi umefungwa.

Kwa spika za mitumba, toa kitambaa cha mbele, uguse ukingo wa koni kwa kidole. Kuna kingo za mpira na kuna za sponji. Sponji na unyevu wa pwani haviishi pamoja. Inakuwa unga mikononi mwako. Mpira unavumilia. Hakikisha pia spika zote mbili zinalia sawa, kwa kusikiliza mtu mmoja akizungumza: sauti itoke katikati yake.

Na sabufa mpya zenye taa za rangi na maelfu ya wati zilizoandikwa kwenye boksi? Tarakimu hizo mara nyingi ni za PMPO, kipimo kisichoeleza nguvu ambayo kifaa kinaihimili kwa muda. Kwa harusi ya uani zinafaa. Kwa mtu anayetaka kusikia udi na fidla kila kimoja mahali pake, spika mbili za rafuni za ex-UK zinamfaa zaidi, na pengine zikabakisha chenji.

Muziki unaoutaka uko wapi?

Wauzaji hawakuulizi hili, na mimi naliona ndilo la kwanza.

Taarab kongwe kabisa, ya zama za Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, iko kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Ni nzito, ngumu, zikianguka zinavunjika. Zinataka mashine yenye kasi ya 78 na sindano pana kuliko ya LP. AT-LP60X niliyoisifu ina 33⅓ na 45 tu, kwa hiyo aliyerithi sanduku afungue kwanza asome vibandiko kabla ya kununua chochote. Na asizioshe kwa spiriti, kwa sababu inayeyusha shelaki ambayo ndiyo mwili wake.

Baada ya hapo zikaja zile ndogo za inchi 7, za mizunguko 45, na huu ndio utajiri hasa wa masanduku ya nyumba za Mombasa. Mji huu ulikuwa na lebo yake: duka la Assanand & Sons lilitoa santuri kwa jina la Mzuri. Nairobi nako zikachapwa kwa wingi za Super Mazembe, Les Mangelepa na Simba Wanyika, wimbo mrefu ukakatwa vipande viwili, nusu upande A, nusu upande B, na msikilizaji akainuka katikati ya gitaa kugeuza. Ukiwa nazo hizi, nunua mashine. Nyingi hazijawahi kuwekwa kwenye huduma yoyote ya mtandaoni, au zimewekwa kutoka nakala iliyochakaa kuliko yako. Anayetaka kuanza kukusanya ajue kwamba mahali panapojulikana zaidi kwa santuri nchini ni Kenyatta Market, Nairobi. Hapa Mombasa utategemea jamaa, majirani na mafundi.

Lakini sikiliza vizuri hapa wewe mpenzi wa taarab ya Mombasa. Kuanzia miaka ya 1970 sehemu kubwa ya kazi za Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Maulidi Juma na Zuhura Swaleh ilienea kwa kanda. Zilirekodiwa harusini na kwenye maduka, na Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale ilizisambaza pwani nzima. Ukinunua mashine ya santuri kwa sababu unampenda Bhalo, utatafuta sana na utapata kidogo. Muziki huo leo unaishi kwenye mafaili yaliyotokana na kanda, na kwenye CD chache zilizoandaliwa kwa uangalifu, kama mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, ambao juzuu yake ya pili ni taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975. Kwa msikilizaji huyu dijitali inashinda kwa sababu ya yaliyomo tu, kabla hatujazungumza bei.

Kwa bongo fleva na muziki mpya wa Kenya sina la kuongeza. Uko kwenye simu.

Onyo moja kwa anayejaziwa nyimbo kwenye flashi mjini. Faili nyingi za namna hiyo zimechukuliwa YouTube zikabanwa tena. Faili ya kbps 128 (kilobiti za data kwa sekunde) ukiigeuza kuwa ya 320 umeongeza ukubwa wake, kilichokwisha kukatwa hakirudi. Watu husikia faili kama hizo kwenye spika nzuri, wakasema dijitali haina ladha. Chukua faili ya FLAC, aina isiyokata chochote cha sauti, iliyotoka kwenye CD, uisikilize kwenye spika zile zile, ndipo uhukumu.

Sauti yenyewe

CD, iliyoanza kuuzwa 1982, hubeba biti 16 kwa sampuli 44,100 kila sekunde, na tofauti kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa hufika desibeli 96. Santuri nzuri hufika kama 70. Kwenye karatasi ni pengo kubwa. Kwenye sebule ya Mombasa, feni inazunguka, dirisha liko wazi, na tuktuk zinapita, pengo hilo linafunikwa na kelele ya chumba. Sitamshauri mtu achague kwa tarakimu hizo.

Kinachosikika kweli kwa vifaa vya bei ndogo ni mambo mengine: mchakacho wa vumbi, kasi inayoyumba kidogo kwenye nota ndefu ya nai, na sauti zinazokwaruza santuri inapokaribia katikati, ambako mfereji unabana. Dijitali ya shilingi 5,000 haina hata moja kati ya hayo. Upande wa pili, santuri inakuketisha. Upande mmoja wa LP ni dakika ishirini hivi, huwezi kuruka wimbo kwa kidole, na wageni waliokaa nawe wanasikiliza kitu kimoja mpaka mwisho. Mimi hili nalithamini sana, na sidhani ni jambo la kupuuzwa na mtu anayepanga bajeti. Ila ni sababu ya moyo, na mtu ajue kwamba ndiyo anayoilipia.

Joto, chumvi na stima

Hewa yetu inakula vyombo. Santuri iliyoachwa kwenye buti ya gari mchana hupinda, na ikishapinda hainyooki vizuri. Zisimamishe wima, mbali na ukuta unaopigwa na jua, wala usizilaze moja juu ya nyingine. Majalada ya karatasi hushika ukungu msimu wa masika. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vina kazi hapa. Mkanda wa mpira unaozungusha sahani hulegea kwa joto, na tundu za waya hushika kutu. Kama sakafu yako ni ya mbao, mashine iwekwe kwenye rafu ya ukutani, la sivyo kila anayepita anairusha sindano.

Dijitali nayo ina kifo chake, cha ghafla zaidi. Memori kadi inakufa bila dalili na nyimbo zako zote zinakwenda nayo. Weka nakala mahali pa pili. Na kwa njia yoyote utakayochagua, nunua kilinda-stima, maana umeme ukirudi baada ya kukatika ndipo unapounguza amplifaya.

Gharama baada ya kununua

Sindano ya kawaida huishi saa 300 hadi 500. Kwa saa moja kila siku, unabadilisha kila mwaka au mwaka na kitu, na ya AT-LP60X ni kama dola 20 hadi 30. Iagize kabla haijaisha, kwa sababu hapa dukani hutaikuta kirahisi, na sindano iliyokwisha inaharibu santuri.

Dijitali inakula bando. Kusikiliza mtandaoni kwa kbps 320 kunakula MB 144 kwa saa. Saa tatu kila siku ni karibu GB 13 kwa mwezi. Pakua nyimbo ukiwa kwenye Wi-Fi, usikilize bila mtandao. Ada ya mwezi ya huduma ya kulipia kama Spotify, iliyoingia Kenya 2021, ni chini ya bei ya LP moja mpya. Memori kadi ya GB 128 inabeba albamu zaidi ya 400 za FLAC au zaidi ya 1,000 za MP3 ya kbps 320, na hizo ni zako, hata ada isipolipwa.

Ningefanya nini kwa kila mmoja

Aliyependa tu, mwenye 30,000: amplifaya ya ex-UK yenye tundu la PHONO, spika mbili za rafuni zenye kingo za mpira, kilinda-stima, adapta na waya. Tumia waya, Bluetooth iwe ya wageni. Sikiliza mwaka mzima. Ukiona bado roho inaitaka santuri, mashine itaingia kwenye mfumo ulio tayari, na pesa zote za safari hiyo zitakwenda kwenye mashine.

Aliyerithi: usinunue ya sanduku hata ukipewa kwa nusu bei. Panga santuri kwa kasi zake, 78 upande, 45 upande, LP upande. Kama nyingi ni za 45 na LP, weka akiba ufikie AT-LP60X au mashine ya ex-UK ambayo fundi ameiwasha mbele yako na sindano yake bado inapatikana. Zioshe kwa maji yaliyochujwa na kitambaa laini, kwa kufuata mzunguko wa mifereji, bila kulowesha kibandiko. Kisha, mara ya kwanza unapozicheza, zirekodi hapo hapo. Waya kutoka tundu la TAPE OUT la amplifaya uingie kwenye kompyuta yenye tundu la kupokea sauti, programu ya bure ya Audacity, biti 24, uhifadhi kwa FLAC. Kila faili iandikwe jina la mwimbaji, lebo na namba iliyochapwa kwenye kibandiko, upande A na B. Nakala moja ibaki kwako, nyingine mpe shangazi au ndugu anayekaa nyumba nyingine.